Mwaka Tuliokula Bila Chumvi

Festo alipoingia uani Jumamosi iliyopita nilikuwa namenya ndizi mshare, na nilijua alichokuja kusema kabla hajakaa. Huyu Festo ndiye katibu wa mfongo wetu, yaani mfereji wa maji unaotoka juu msituni na kupita kwenye vihamba vyetu, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, hapa Kibosho, kila nyumba kwa zamu yake. Ni mtu mzima, ana mke na watoto, lakini mbele yangu anakaa kama aliyekuja kuungama. Akaniamkia, nikaitikia. Akauliza habari za ng'ombe, akauliza habari za magoti, akarudi tena kwa ng'ombe.

"Ng'ombe umeshamuuliza," nikamwambia. "Sema habari ya kile chombo."

"Bibi, nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Sema."

Basi akasema. Watu wote wa mfongo sasa wako kwenye kundi la simu, hata jirani Priska, ambaye macho yamechoka, anasomewa na wajukuu zake. Zamu zinatangazwa humo humo. Kompyuta ya Deo imezeeka, umeme ukikatika na kurudi inakwama, na kamati imeona bibi apumzishwe hii kazi ya kuiangalia. "Tunakushukuru sana, bibi. Aika sana. Lakini tumeona tuizime." Alisema maneno hayo akitazama maganda ya ndizi miguuni mwangu. Sikumlaumu, amelelewa vizuri, na alichosema ni kweli. Nikamwambia: "Zamu ya Deo ikishatangazwa, nitaizima mwenyewe. Mtu mwingine asiiguse." Akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo wa majani ya ng'ombe, akaondoka hata chai hajanywa.

Deo alikuwa kitinda mimba wangu. Habari za ukoo, nani aliolewa wapi na nani alihamia upande gani, nikizianza hatutamaliza. Mimi niliishia darasa la nne, lakini jina nikilisikia mara moja haliniponyoki, na watu wakibishana kuhusu majina ya mababu zao huja kuniuliza mimi. Hapa nitasema mwaka mmoja tu, ule aliorudi nyumbani.

Alirudi mchana, mvua za masika zikiwa zimeanza. Gari liliwaacha pale barabara inaposhindwa, akapanda na rafiki yake Hamisi, fundi redio wa Majengo kule mjini, aliyekuwa akipanga naye vyumba vya ukuta mmoja. Hamisi alibeba kompyuta kichwani kama mwanamke aliyetoka sokoni Kiboriloni, na Deo hakubeba kitu. Hapo ndipo nilipoelewa, kabla ya kuona miguu yake ilivyovimba. Mwanangu huyu tangu udogo hakuwahi kupanda kilima hiki mikono mitupu. Alisimama kwenye mgomba wa kwanza, akashika shina, akatabasamu. "Shikamoo mama. Moyo umekuwa mpana, daktari anasema." Nikamjibu marahaba, baba, nikamwambia moyo mpana si ugonjwa. Akacheka kwa adabu. Hamisi hakucheka, naye ndiye aliyekuwa amemsikia daktari.

Nilimpa chumba cha upande wa zizi, chenye dirisha linalotazama kihamba. Kulikuwa na kitanda, sanduku la marehemu baba yake Silvani, na meza ya mbao za mgrivea ambayo mguu mmoja tuliuwekea jiwe. Juu ya meza hiyo Hamisi akafunga kompyuta. Ilikuwa imetupwa na ofisi moja ya mjini, wakaiokota na kuipa vyombo vya ndani vya nyingine mbili zilizokufa. Ubavuni ilikuwa na picha ya ndege mnene, mgongo mweusi, kifua cheupe.

"Huyu kunguru ameshiba wapi hivi?" nikauliza.

"Si kunguru, mama. Ni ndege wa kwenye barafu. Ndiyo alama ya Linux, programu inayoiendesha."

"Hata kule kwenye theluji ya mlima wetu sijasikia ndege wa namna hii. Kunguru huyu."

Kuanzia siku hiyo hata yeye na Hamisi wakawa wanamwita Kunguru. "Kunguru ameamka leo?" "Ameamka, lakini anakataa kuongea na simu." Na daktari alikuwa amekataza chumvi. Mgonjwa kula chakula kisicho na chumvi peke yake, huku anasikia harufu ya chungu kingine, niliona ni kumtenga. Nikaiondoa chumvi jikoni. Mtori bila chumvi, kiburu bila chumvi, maharage bila chumvi. Hamisi akija Jumapili alikula bila neno, ila mara moja nilimsikia akimnong'oneza Deo: "Mama yako anapika vizuri sana, lakini leo nimelia kwenye sahani ili nipate ladha." Wakacheka hadi Deo akashika kifua. Nami nyuma ya mlango nilicheka, kisha sikucheka tena.

Mjini Deo alikuwa mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kompyuta hakufundishwa na mtu darasani. Alijifunza kwa kuharibu na kutengeneza, kwenye chumba chake cha Majengo, baada ya kazi. Vitu alivyovitengeneza aliviita kazi za pembeni. Alitengeneza sanduku la kuangulia vifaranga linaloongozwa na kompyuta, likapika mayai yote. Alitengeneza kitu cha kutafutia nyimbo za kwaya ya kigango, ukiandika neno moja la wimbo unaletewa namba yake. Hicho kilifanya kazi, lakini mwalimu wa kwaya, Gaudensi, akakikataa akisema kinamfanya aonekane mzee. Ndugu zake walikuwa wakimwambia aache mambo ya pembeni aoe, ajenge. Sasa nikikumbuka naona kwamba stoo ile aliyofanyia kazi miaka yote hakuna anayeitaja, na kilichobaki mdomoni mwa watu ni cha pembeni.

Nilimuuliza kwa nini asitumie kompyuta kama za wengine, hizo za ofisini. Alikuwa amekaa, miguu juu ya kigoda, nami nachambua kahawa kwenye ungo. "Hizo nyingine, mama, mwenyewe yuko mbali na amefunga mlango. Hii ni kama mfongo. Waliouchimba hatuwajui wote, lakini ukizibika pale kwako unatoka na jembe unauzibua, na ukishauzibua maji yanamfikia hata yule wa chini yako. Ni msaragambo, kazi ya wote kwa pamoja. Dunia nzima inafanya msaragambo." Akanionyesha maandishi meupe kwenye kioo cheusi: mtu wa nchi asiyoijua alikuwa amemjibu swali lililomsumbua tangu Ijumaa. Nikauliza mtu huyo anaitwa nani. Akasema anajiita kwa herufi na namba tu.

"Na mama yake anamwitaje?"

"Mama, sijui."

"Mtu anakusaidia na jina lake hulijui! Muulize."

Alimuuliza, kwa ajili yangu. Yule mtu alijibu kwamba anaitwa Tomasi. Nikamwombea kwenye rozari mwaka mzima, na bado.

Kazi ya pembeni ya mwisho ilianza kwa sababu ya pembe. Zamani zamu za mfongo zilitangazwa na Meku, yaani mzee, Apolinari, babu yake Festo. Alipiga pembe ya tandala asubuhi, kisha akaita kwa sauti maji ya kesho ni ya nani. Alipokufa pembe ikabaki imetundikwa kwake, hakuna mwenye pumzi ya kuipiga. Zamu zikavurugika. Wa juu wakafungua maji siku isiyo yao, wa chini wakaenda na mapanga kuuliza, na siku ya kusafisha mfongo wakatokea wazee watatu na mbwa. Deo akasema: kila nyumba sasa ina simu ya vitufe. Akaunganisha simu kuukuu na kompyuta kwa waya, ili kila mchana itume ujumbe kwa watu wote wa mfongo: kesho maji ni ya fulani. Yeye kuutembelea mfongo hakuweza. Basi mimi nilitembea, nikarudi, nikakaa kitandani kwake nikamtajia kuanzia msituni kushuka chini: Teofili, Eligi, Ludoviki, Klementi, Damasi. Nikawa nataja na yeye anagonga vitufe, kama kibarua anayeleta matofali na fundi anayejenga.

Siku ya kwanza ujumbe ulipotoka, kabla uji wa jioni haujaiva, Priska akaingia mbio, kanga imefunguka, simu ameinyoosha mbele kama kaa la moto. Priska ni mjane wa Ludoviki, jirani yetu wa juu.

"Mama Deo! Mwanao amemtoa Ludoviki mfongoni!"

"Amemtoaje?"

"Sikia: kesho maji ni ya Priska. Priska ni nani? Mimi nimeolewa hapa! Shemeji zangu wameshakaa kikao, eti nimekwenda kwa fundi wa kompyuta nikachukua maji ya kaka yao."

Deo akajitokeza mlangoni ameshika fremu. "Samahani sana, mama. Nilidhani marehemu hawezi kupokea ujumbe."

"Nani amesema apokee?" Priska akapaza sauti. "Aitwe!"

Na alisema kweli. Kwetu zamu haiitwi kwa jina la anayeishi nyumbani. Inaitwa kwa jina la mtu wa mwisho aliyefungua maji ya kihamba kile mbele ya wazee, pale juu tunapopaita Mgawo, kwa kung'oa bonge la udongo na majani ya mgomba kwa mkono wake. Awe hai, awe amelala chini ya migomba yake, jina ni lake mpaka mrithi naye apande akafungue. Ndiyo maana yetu yaliitwa maji ya Silvani. Deo alilijua hilo kama anavyolijua tumbo lake, lakini alipokaa mbele ya kioo alifikiri kikompyuta. Jioni ile alirudi mbele ya kioo. Kisha akaniambia kwamba aliiandikia kompyuta iulize kila jina: yupo, au hayupo? Asiyekuwepo ilimruka, ikamwita anayeishi nyumbani kwake.

"Na sasa?"

"Nimelifuta hilo swali, mama. Haitauliza tena."

Kesho yake simu zote za mfongo ziliita maji ya Ludoviki, na Priska akatuletea maziwa ya mgando. Watu wakaanza tena kutoka siku ya usafi. Teofili alisema Kunguru ana pumzi kuliko Apolinari.

Kiangazi kilipoingia Deo alidhoofu. Siku za hospitali Hamisi alimfuata, na ili zamu zisikatike Deo akanifundisha mimi. Maneno ya mashine yalikuwa ya Kiingereza, akayabadilisha kwa ajili yangu. Nikiandika "ita", halafu maneno yangu, yanakwenda kwa watu wote. Nikiandika "lala", inajizima yenyewe. "Usiung'oe waya kamwe, mama. Ukiung'oa ghafla inasahau ilichokuwa inashika. Iambie kwanza, usubiri taa izime." Vidole vyangu ni vya jembe, kimoja kilifunika vitufe viwili. Hakunicheka. Alisubiri, kama nilivyomsubiri yeye alipojifunza kufunga vifungo vya shati.

Jumapili moja nilikuwa nawapelekea uji nikawasikia. Nikasimama na kikombe.

"Utapona, bwana, utaoa," Hamisi alikuwa anasema.

"Hamisi, usinifanyie mambo ya kutembelea wagonjwa."

"Haya. Basi unataka nini?"

"Sina mke, sina mtoto. Nataka siku moja simu ya Priska iite jina langu. Basi. Lakini Mgawo uko kule juu, na mimi kufika chooni tu napumzika njiani."

"Nitakubeba."

"Wewe uliyetua kompyuta mara tatu?"

"Kompyuta haikuwa inanitukana."

Wakacheka kidogo. Kisha Deo akasema kwa sauti nyingine: "Usimwambie mama. Atakwenda kuniombea nyumba kwa nyumba, na hilo haliombwi." Uji ulipoa mkononi mwangu. Alisema kweli: jambo la mfongo huitiwa kwa pembe, na mrithi anayeombewa na mama yake huyo hachukui kihamba, anahurumiwa.

Niliwaza siku kadhaa, nikiwa shambani, nikiwa zizini. Alhamisi mchana alirudi kutoka hospitali akalala amechoka. Nikakaa kwenye kiti chake. Nikaandika ita. Halafu, herufi moja moja: Deo anafungua maji. Kilima kimemshinda. Kesho asubuhi. Yustina. Hilo la mwisho ni jina langu. Nikabonyeza kile kitufe kikubwa. Kioo kikatulia, halafu simu ya Deo, iliyokuwa kwenye mto karibu na sikio lake, ikalia kama za wengine wote. Akafungua macho, akasoma, akasoma tena.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimepiga pembe."

Akageukia ukutani. Mabega yalitikisika, nami sikumgusa, maana mwanaume mwingine akilia huhitaji kukupa mgongo.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado kwenye kahawa waliposikika. Teofili, Eligi, Gaudensi wa kwaya, Festo na baba yake Damasi, Klementi, hata wale shemeji wawili wa Priska, Amedeusi na Fulgensi, waliokuwa hawajasalimiana na mtu tangu siku ya ugomvi. Hamisi alitoka Majengo kwa gari la kwanza, kwa kuwa namba yake nayo ilikuwa imewekwa kwenye kompyuta. Walikuwa na machela ya miti ya mgrivea na blanketi. Walimbeba wakipokezana, njia ile ya utelezi, wengine wakisukuma kwa nyuma.

"Deo, chumvi huli, mbona mzito hivi?" Amedeusi akauliza akihema.

"Ni maji, meku. Nimejaa maji kuliko mfongo wenu."

Msafara mzima ulicheka, na nikaona Eligi akijifuta uso kwa mkono wa koti.

Pale Mgawo walimshusha, akapiga magoti kwenye tope. Kufungua, hakuna anayesaidia. Ndiyo sheria yenyewe. Alitia mikono chini ya lile bonge akavuta, halikutoka. Akapumzika, paji la uso limegusa majani. Akavuta tena. Hamisi akapiga hatua, Teofili akamshika mkono: "Mwache, baba." Nilisikia ndege, nilisikia pumzi za mwanangu. Kisha bonge likaachia na sauti ya kunyonya, na maji yakainama, yakaingia upande wetu, membamba, ya kahawia, yakisukuma majani makavu mbele yake.

"Maji ya nani?" Teofili akauliza kwa sauti ya zamani.

"Maji ya Deo!"

Mchana aliandika jina lake mwenyewe kwenye kompyuta. Nilipoona herufi za Silvani zinaondoka, nilishtuka. "Baba nimempa nafasi nyuma yangu, mama," akasema. "Sijamfuta." Zamu yetu ilipofika, ujumbe ulipotoka, Priska alikuja amebeba simu yake mpaka kitandani, akamsomea yeye mwenyewe, polepole kama somo la kanisani. Deo alifumba macho akamwambia, "Rudia, mama." Akarudia.

Alikufa kabla zamu haijamzungukia tena, asubuhi, nikiwa nimemnyanyua anywe. Kioo kilikuwa kinawaka mezani. Hakuna nililolifanya ila kuweka kikombe chini. Tulimzika kihambani, karibu na baba yake, mahali maji ya mfongo yanapopita kabla ya kufika kwenye kahawa. Wanawake walipika kwenye masufuria makubwa, Priska akaniletea sahani. Nikatia tonge mdomoni, nikakuta chumvi. Ulimi wangu ulikuwa umeisahau. Nililitema mkononi, na hapo ndipo nilipolia, mbele ya watu, kwa ajili ya tonge.

Tangu mwaka ule nimeiangalia kompyuta yake. Hamisi amepanda kilima hiki mpaka nywele zimekuwa nyeupe, akibadilisha betri, akibadilisha simu. Kila zamu yetu ilipokaribia nilisikia mlio, nikasoma mwenyewe: kesho maji ni ya Deo. Mrithi mwingine hajapanda Mgawo. Wajukuu wako mijini, huja Krismasi, wanaoga wanarudi.

Jana mchana simu yangu ililia. Kesho maji ni ya Deo. Nikamsubiri Hamisi, akaja, tukakaa chumbani. Kunguru ubavuni amechubuka, amebaki kifua tu. Hamisi akasema anaweza kunyonya majina yote akayaweka kwenye kitu kidogo cha mfukoni. Nikamwambia, yaweke. Nikavuta kiti. Nikaandika lala, nikabonyeza. Maandishi meupe yakapanda mbio, kama watu wanaotoka kanisani, kisha kioo kikawa cheusi, feni ikapunguza sauti, na taa ndogo ya kijani ikazima. Waya sikuung'oa mpaka hapo. Hamisi alikuwa anatazama dirishani.

Leo asubuhi nilipokuwa natafuta jembe, Priska aliniita kutoka kwake juu, kwa mdomo wake, akaita hadi ng'ombe wakanyanyua vichwa: "Mama Deo! Leo maji ya Deo!" Nikaitikia. Nikaenda nikayafungulia njia kihambani, nikasimama nimeegemea jembe mpaka yalipofika kaburini, yakalizunguka, yakateremka kwenye kahawa.